Vichezeo vya Utotoni Huharibiwa na Sanduku, Si Mchezo

Mtu mzima anayetaka kurudia vichezeo na vitabu vyake vya utotoni kwa kawaida huanza na sanduku lililokaa juu ya kabati miaka ishirini bila kufunguliwa. Hulishusha akiamini atakuta kila kitu kama alivyokiacha, maana hakuna aliyekigusa. Akilifungua, mdoli ananata, dubu ananuka ukungu, gari la betri limeota unga mweupe tumboni, na kitabu alichokipenda kuliko vyote kimekuwa na rangi ya nyasi kavu. Watoto hawakufanya hayo. Sanduku ndilo lililofanya. Plastiki, karatasi, mpira na metali haviachi kubadilika kwa sababu tu vimewekwa gizani, na vikifungiwa pamoja kimoja huambukiza kingine. Kichezeo kinachotolewa kila wiki hupigwa na hewa, hufutwa vumbi, na kasoro yake huonekana ingali changa.

Baada ya sanduku, adui wa pili ni beseni. Hamu ya kwanza ya karibu kila mtu ni kujaza maji na kutumbukiza vyote humo. Subiri. Tandika shuka jeupe sakafuni, kisha panga vitu kwa kufuata vilivyotengenezwa kwa nini, si kwa kufuata vilikuwa vya nani. Vyenye betri viwekwe peke yake na vifunguliwe siku hiyohiyo. Vyenye harufu ya ukungu vitoke nje ya chumba. Shuka jeupe lina sababu yake: skrubu ndogo, jicho la dubu au kipande cha fumbo kikianguka hukioni kwenye zulia.

Unga mweupe kwenye nyumba ya betri una tiba, ila tiba inategemea betri ilikuwa ya aina gani. Betri ya alkali huvuja potasiamu haidroksaidi, ambayo ni besi, kwa hiyo huondolewa kwa asidi nyepesi, yaani siki nyeupe au maji ya limau. Betri za kizamani za zinki na kaboni huvuja majimaji ya asidi, nazo hutaka soda bikaboneti, kijiko kimoja cha chai katika vijiko vitatu vya maji. Wengi hupaka siki kwenye zote mbili kisha hushangaa kutu inaendelea. Vaa glavu, kwangua unga kwa kijiti cha mbao, pitisha kijiti cha pamba kilicholowa kidogo mpaka povu liishe, halafu futa kwa spiriti ya asilimia 70 au zaidi na uache pakauke kabisa. Vibati vya kushikia betri visugue kwa kifutio cha penseli, au msasa laini namba 400 ikiwa vimechubuka sana. Ukifanya yote hayo na kichezeo bado hakiwaki, fungua skrubu uangalie waya: ukiona shaba ya kijani, uvujaji umetambaa ndani ya ganda la waya na waya huo lazima ukatwe na kulehemiwa mpya. Tangu siku hiyo, kichezeo kisichotumika kwa mwezi mzima kikae bila betri.

Matofali ya plastiki ya kuunganisha ndiyo yanayowarudia watu wazima kwa urahisi kuliko vyote, na sababu ni ya kiufundi. Mfumo wa vinundu juu na mirija chini uliandikishiwa hataza na kampuni ya LEGO mwaka 1958, na tofali la wakati huo bado linashikana na linalotoka kiwandani leo. Tangu 1963 matofali hayo yametengenezwa kwa plastiki ya ABS, ngumu na isiyopinda ovyo. Kwa hiyo mfuko wa zamani si kumbukumbu tu, ni akiba ya ujenzi. Matofali sita tu ya vinundu vinane, ya rangi moja, huweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Anayeona haya kununua boksi jipya aangalie namba iliyoandikwa juu yake: tangu 2020 kampuni hiyo ina maboksi yenye alama ya 18+. Kiwanda hakichapishi namba kwa ajili ya wanunuzi wasiokuwepo.

Yaoshe kwa maji yasiyozidi nyuzi joto 40 za Selsiasi, kwa sabuni ya maji kidogo, ndani ya mfuko wa wavu, ukiyatikisa kwa mkono. Mashine ya kufulia huyakwaruza na maji ya moto huyapinda. Tofali lililopinda kidogo tu halishiki tena. Vipande vyenye mota, taa, chuma au stika visiingie majini. Shida hujitokeza kwenye kukausha: maji hujificha ndani ya mirija, na ukirudisha mzigo kwenye ndoo siku hiyohiyo, wiki ijayo utakuta harufu. Yatandaze kwenye taulo kivulini, yageuze baada ya saa chache, yaache usiku kucha. Bapa mbili, yaani vipande vyembamba, zilizogandana zitenganishwe kwa kifaa chake cha kubandulia au kwa kona ya tofali jingine. Meno ndiyo yaliyotumika zamani, na alama zake bado zipo kwenye nusu ya mfuko.

Matofali meupe na ya kijivu yaliyogeuka manjano yameungua kwa mwanga na joto. Si uchafu, na sabuni haiyasaidii. Huweza kurudishwa kwa hidrojeni peroksaidi ya asilimia 6. Yaweke kwenye chombo angavu, mimina dawa yazame, yakandamize kwa kitu kizito kwa sababu vipovu huyaelesha, funika bila kukaza maana gesi ikikosa pa kutokea itapasua chombo, halafu weka juani. Yageuze kila saa. Mengi huanza kurudi baada ya saa nne hadi sita, mengine huhitaji siku mbili. Glavu na miwani ya kinga ni lazima, kwa sababu dawa hiyo huchoma ngozi. Sehemu inayoelea juu ya dawa hubaki na mistari, na tofali lililoachwa kupita kiasi hupauka mabaka ambayo hayatoki. Tena manjano huweza kurudi hata ukiliweka gizani. Kwa maoni yangu kazi hii inastahili vipande vichache vya mbele vinavyoonekana, si ndoo nzima. Nyumba ya manjano kidogo bado ni nyumba.

Mdoli anayenata ni habari nyingine. Plastiki laini ya PVC hufanywa laini kwa kuchanganywa na kilainishi cha majimaji ambacho hakikushikamana nayo kikemia. Miaka ikipita, kilainishi hupanda juu kama jasho, vumbi hunasa, na mdoli huwa mweusi miguuni. Mwoshe kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, mkaushe, mwache kwenye hewa. Unga wa talki huficha tu, na asetoni huyeyusha uso mara moja. Mfuko wa plastiki uliofungwa ndio mbaya kuliko yote, kwa kuwa jasho hukosa pa kwenda. Mfunge kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila kilainishi cha nguo. Usimlaze juu ya plastiki ngumu: kilainishi kinachohama huilainisha hata alama ya mguu ikabaki imezama kwenye meza ya nyumba yake. Matairi laini ya magari ya kuunganisha hufanya vivyo hivyo, hung'ata rimu zake yenyewe.

Madoa ya kalamu ya wino kwenye uso wa mdoli hutoka taratibu kwa krimu ya benzoili peroksaidi ya asilimia 10, ile ya chunusi. Paka juu ya doa pekee, funika kwa karatasi ya nailoni, weka juani, futa na upake upya kila siku. Huchukua siku kadhaa hadi wiki. Krimu ikigusa nyusi au midomo iliyochorwa itavifuta navyo, na plastiki yenye rangi hupauka, kwa hiyo jaribu kwanza kisogoni chini ya nywele. Doa la kijani kwenye sikio la mdoli wa zamani hutokana na shaba ya hereni. Ng'oa hereni kwanza, la sivyo unasafisha kidonda chenye mwiba ndani. Nywele zilizofungamana zilowe nusu saa katika lita moja ya maji vuguvugu yenye kijiko kimoja cha kilainishi cha nguo, kisha zichanwe kwa kitana cha chuma kuanzia ncha kwenda juu. Anayeanzia kwenye utosi hung'oa mashina, na shina likitoka linabaki tundu.

Magari madogo ya chuma hutaka kazi kidogo. Matchbox yalianza 1953 na Hot Wheels 1968, na mengi yake ni aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, tia mafuta ya cherehani kwenye ekseli kwa ncha ya sindano, basi. Kwenye magari ya zamani zaidi, angalia nyufa nyembamba na uvimbe chini ya rangi: zinki iliyochanganyika na madini ya risasi kidogo hulika kutoka ndani, ikivimba hadi inamomonyoka. Ugonjwa huo hauna dawa. Unyevu na joto huuharakisha, ukavu huuchelewesha. Vichezeo vya mbao, pamoja na vitalu vya kujengea, visilowekwe kamwe. Rangi ya zamani iliyobanduka isipigwe msasa, kwa kuwa huenda ina risasi na vumbi lake ni sumu. Marekani iliipiga marufuku kwenye vichezeo mwaka 1978 tu.

Dubu wa manyoya anahitaji kuminywa kabla ya kuoshwa. Akilia kama majani makavu, amejazwa nyuzi za mbao. Akiwa mwepesi na mlaini bila kurudi haraka, ni sufi. Akiruka na kurudi umbo lake papo hapo, ni poliesta. Akitoa unga kwenye mishono, ni povu la mpira lililokufa, na lazima lote litolewe. Ni dubu wa poliesta pekee anayeweza kuingia majini mwili mzima. Nyuzi za mbao hugandana na kutoa rangi ya kahawia kwenye manyoya, na sufi iliyolowa huoza katikati wakati nje pameshakauka.

Kwanza waue nondo na utitiri. Mtie dubu kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga, weka kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Akitoka, asifunguliwe mpaka zipite saa 24, maana ukifungua mapema unyevu wa chumba humgandia. Hapo mpitishie kifyonza vumbi chenye soksi nyembamba mdomoni ili jicho lililolegea lisimezwe. Manyoya ya dubu asiyeweza kulowa husafishwa kwa povu peke yake: piga kijiko cha sabuni laini katika kikombe cha maji hadi povu lisimame, chota povu bila maji yake, sugua eneo la ukubwa wa kiganja kwa mswaki laini, futa kwa kitambaa kilichokamuliwa, endelea na jirani yake. Chana manyoya yangali na unyevu. Yule wa poliesta, baada ya maji ya nyuzi 30, abanwe ndani ya taulo bila kusokotwa, alale kwenye wavu siku mbili au tatu akigeuzwa. Mtu hudanganywa na manyoya makavu. Choma kidole kwenye kwapa la dubu, hapo ndipo unyevu hubaki mwisho.

Mshono uliofumuka ufungwe kwa mshono wa ngazi: sindano huingia ndani ya mkunjo wa upande mmoja milimita tatu au nne, hutoka, huvuka moja kwa moja, huingia upande wa pili. Piga hatua sita hivi kabla ya kuvuta, kisha vuta na uzi upotee. Ukivuta kila hatua, mshono hukunjamana kama kovu. Kujaza upya kusizidishwe. Dubu aliyekumbatiwa miaka kumi ana shingo iliyolegea, na anayemjaza hadi asimame wima hupata dubu mwingine kabisa.

Vitabu ndivyo vinavyoharibiwa zaidi na wema. Karatasi ya bei nafuu ya mbao ina lignini, ambayo hugeuka kahawia kwa mwanga na hewa, na asidi iliyomo huifanya ivunjike. Manjano ya kurasa hayarudi kuwa meupe kwa njia yoyote ya nyumbani, achana nayo. Lakini ukungu, harufu, mipasuko na mgongo uliolegea vina dawa.

Kitabu chenye ukungu kikae peke yake, kisimame kimefunguka kama feni mahali penye upepo, kivulini, siku mbili hadi kikauke. Ukungu mkavu hufutwa kwa brashi laini nje ya nyumba, ukiwa na barakoa, ukielekeza kutoka katikati ya kitabu kwenda ukingoni. Kuufuta ungali mbichi ni kuupaka ndani ya karatasi. Harufu iliyobaki hupungua ukiweka kitabu juu ya kibao ndani ya boksi kubwa lenye bakuli la soda bikaboneti, umelifunika, wiki moja au mbili. Soda isimwagwe kati ya kurasa. Chembe zake hubaki kwenye mishono. Rafu iwe mahali pasipozidi unyevu wa asilimia 50, na vitabu visibanwe. Kuvuta kitabu kwa kichwa cha mgongo ndiko kunakochana majalada mengi: sukuma majirani wawili nyuma kidogo, shika cha katikati kiunoni.

Selotepu ni balaa. Baada ya miaka gundi yake huzama kwenye karatasi na kuacha utepe wa kahawia, huku plastiki ikidondoka. Ya zamani usiibandue kwa kucha, itaondoka na maandishi. Kwa mpasuko mpya, pika gundi ya wanga wa ngano: sehemu moja ya wanga kwa sehemu nne au tano za maji, koroga moto mdogo kama nusu saa hadi iwe nzito na ya kung'aa, ipoe, ichuje. Tumia wanga mtupu, si unga, kwa kuwa protini ya unga huita wadudu. Chana, usikate, ukanda wa karatasi nyembamba ya Kijapani wa upana wa sentimita moja. Nyuzi zilizochanika ndizo zinazoshika bila kuonyesha mstari. Paka gundi kidogo, laza juu ya mpasuko, weka karatasi ya nta juu na chini, kandamiza kwa kitabu kizito kwa saa 24. Ukurasa ukikauka umejikunja, gundi ilikuwa nyingi.

Vitabu vya picha zinazosimama vina kanuni yake. Kabla ya kugusa, fungua ukurasa polepole ukiangalia kutoka pembeni ni mkunjo upi hauitikii. Mara nyingi kilichong'oka ni kilimi kimoja tu kilichokuwa kimegundishwa. Tone la gundi nyeupe kwenye ncha ya kijiti cha meno linatosha, na ukurasa usubiri umefunguka nusu. Ukiufunga gundi ikiwa mbichi, umelibandika kasri zima.

Halafu visomwe. Kitabu cha picha cha kawaida kina kurasa 32, kwa sababu karatasi ya mashine ya uchapaji hukunjwa kwa mafungu ya nane au kumi na sita, na hadithi yake husomwa kwa sauti kwa takriban dakika kumi. Isome mara mbili. Mara ya kwanza maneno. Mara ya pili funika maneno kwa kadi uangalie picha peke yake. Mtu mzima husoma haraka mno na kukimbia picha, ilhali mchoraji ameweka nusu ya hadithi pale ambapo maandishi yamenyamaza: paka anayehama ukurasa hadi ukurasa, mlango ulioachwa wazi. Mtoto huviona kwa kuwa hajui kusoma.

Mchemraba wa Rubik, ule wa kuzungusha hadi kila uso uwe na rangi moja, uliobuniwa Hungaria mwaka 1974, ni wa wale walioushindwa zamani. Una mipangilio zaidi ya kwintilioni 43, yaani 43 ikifuatiwa na sufuri kumi na nane, na mwaka 2010 ilithibitishwa kwamba wowote ule hutatuliwa kwa mizunguko isiyozidi 20. Hakuna mtu wa kawaida anayeiona hiyo 20. Njia ya tabaka kwa tabaka huhitaji kukariri mifuatano michache tu, saba hivi, na kwa nusu saa kila jioni wengi huijua ndani ya wiki mbili. Ukiwa mgumu, tia matone mawili ya mafuta ya silikoni ndani. Mafuta ya petroli hula plastiki.

Mgeni mtoto akija, chochote kinachopita kwenye silinda ya upana wa milimita 31.7, kipimo cha usalama kwa walio chini ya miaka mitatu, kiondoke sakafuni. Betri za kifungo na sumaku ndogo zifungiwe kabisa.

Fumbo la vipande lina maudhi yake: kipande cha 1,000 hakipo. Kabla ya kuanza hesabu, kumi kumi, na ujengee juu ya ubao wa sentimita 60 kwa 80 ili uweze kulihamisha. Kikikosekana, subiri fumbo likamilike. Telezesha kadibodi ya unene uleule chini ya pengo, chora ukingo kwa penseli iliyochongwa vizuri, kata kwa kisu cha wembe ndani kidogo ya mstari, lainisha kingo kwa msasa. Piga picha kifuniko cha boksi, chapisha sehemu hiyo kwa ukubwa halisi, bandika, au paka rangi ya maji kwa mkono ukitazama majirani zake. Geuza kipande, nyuma yake andika mwaka kwa penseli, kirudishe mahali pake.